Maua Ndani ya Ndoo ya Deki

Muhsina binti Amur alikuwa na picha nne katika maonyesho yale, na alizijua zote nne kama anavyojua vidole vyake. Basi alipoingia ukumbini Jumatatu jioni akakuta ya tano, alisimama pale pale mlangoni. Mkoba ulimteleza begani ukaanguka chini, na hakuuokota.

Ilikuwa kando ya mlango, picha ya maua kama zile nyingine, imepigwa chapa kwa ubao juu ya karatasi nyembamba anayoiagiza yeye mwenyewe kutoka ng'ambo. Chini, upande wa kulia, palikuwa na saini ya penseli. Saini ilikuwa yake, na mkia wake mrefu unaopinda mwishoni, ambao wanafunzi wake wamejaribu kuuiga miaka mingi na wameshindwa. Lakini picha yenyewe hakuichora yeye. Hakuwahi hata kuiona.

Maua yalikuwa matano na yote yamekufa. Waridi tatu zimeinamisha vichwa, asumini mbili zimegeuka rangi ya chai, na zote zimetiwa ndani ya ndoo ya buluu ya kupigia deki, kitambaa cha deki kimening'inia ukingoni. Hapakuwa na meza wala ukuta wala kivuli. Ndoo ilijaa karatasi nzima mpaka ikakatwa na ukingo, na vichwa vya maua vilikuwa vikubwa kuliko ndoo. Kila kitu kilikuwa kipande bapa cha rangi, na kati ya kipande na kipande ulipita mstari mweupe. Muhsina aliitazama, na ilikuwa nzuri mno.

Watu walikuwa wamejazana mbele ya picha hiyo. Zile nne zake halisi, maskini, zilitazamana zenyewe kwa zenyewe upande wa pili, karibu na meza ya sharubati.

Muhsina ni mwalimu wa sanaa katika skuli ya wasichana huko Sib, Oman. Zamani kidogo alisoma miaka miwili Marekani, na huko akajifunza ufundi wa ubao mmoja. Unachonga mifereji myembamba kuzunguka kila umbo, mifereji hiyo haishiki rangi, na ndiyo inayobaki mistari myeupe. Karatasi unaibana juu ya ubao kwa pini upande mmoja tu, ili uweze kuifunua na kuifunika kama kitabu. Unapaka jani moja, unafunika, unasugua kwa mgongo wa kijiko, unafunua, unapaka jingine. Picha moja huchukua saa kadhaa, na haitoki mara ya pili sawasawa na ya kwanza.

Aliyeleta maonyesho haya Maskati alikuwa mama wa Kimarekani, Bi Harriet, mwenye nywele fupi nyeupe na viatu vya kutembelea jangwani. Alikuja na picha arubaini za zamani za kwao, zote za maua, na mhadhara mmoja. Alieleza kwamba miaka mia iliyopita wachapaji wa kwao, wengi wao wanawake, walichoka na maua ya kupambia sebule. Waliacha kuuliza ua hili linafanana na nini, wakauliza lina umbo gani, na nafasi iliyo baina ya ua na ua ina umbo gani. Alikuwa na karakana katika mji mdogo wa pwani huko kwao, na safari hii, kati ya wachoraji wa Maskati walioalikwa kutundika kazi, angechagua mmoja akakae naye miezi sita. Muhsina alikuwa akiitafuta nafasi ya namna hiyo kwa miaka kumi na moja. Barua za kukataliwa alizipanga ndani ya kasha la viatu, na kasha lilikuwa halifungiki tena.

Bi Harriet alimwona pale mlangoni, akapasua watu, akaja kumshika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye mwenye ndoo," alisema.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema hapana. Neno lenyewe dogo, halitaki hata kuvuta pumzi. Lakini yule mama alikwisha kuendelea.

"Nitakwambia kweli. Zile nne ni kazi safi za mwanafunzi mzuri. Hii ni kazi ya mtu anayeona. Nimefundisha miaka thelathini na mtu wa namna hii simpati kila siku."

"Ahsante," Muhsina alijibu. Uongo wote wa kisa hiki ulianza na neno hilo moja la adabu.

"Alhamisi alasiri," Bi Harriet alisema, "njoo na ubao wako upige chapa nyingine hapa, mbele ya wageni. Ukimaliza nitakukabidhi barua ya mwaliko."

*

Aliyezipeleka picha ukumbini alikuwa Hatem, kaka yake. Muhsina alimkuta nje, anatafuta funguo za gari mifukoni.

"Hatem, umeleta picha ngapi?"

"Tano. Si ulinambia nichukue zote zenye saini yako, zilizolazwa chini ya vitabu? Nikatazama saini, nikahisabu tano. Kwani kuna iliyobaki?"

Muhsina ana desturi moja ambayo Hatem humcheka nayo kila siku. Kusugua kwa kijiko kutwa kucha kunamtetemesha mkono, na saini ya mkono unaotetemeka humchukiza. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza ya kazi, mkono ungali na nguvu, hupiga bismillahi na kutia saini karatasi kumi tupu. Ndipo huanza kuchapa. "Wewe," Hatem humwambia, "unatia saini talaka kabla ya harusi."

Sasa alikumbuka. Mwezi uliopita karatasi moja katika zile kumi ilidondokewa na chai pembeni, na yeye akaitupa kwenye pipa la taka. Pale ukutani pembe ile ilikuwa imefichwa na fremu. Na nyumbani kwao Mabela pipa la taka hulimwaga mtu mmoja tu, Cissy, mtumishi wao.

Njia nzima alitazama dirishani. Hatem alidhani amezidiwa na furaha, akamnunulia mishkaki ya kujipongeza.

Walipofika, mama yao, Bi Thuwaiba, alikuwa sebuleni na birika lake la kahawa.

"Mbona rangi imekutoka?" mama aliuliza. "Nnakuona kama uliyetoka kuzika."

"Mama, Cissy anachora?"

"Anachora, ndiyo. Kila Ijumaa mkishatoka kwenda kwa khalati yenu, dada yangu, hukaa jikoni na ubao wako. Mie nlidhani weye ndiye uliyemfundisha."

"Ubao wangu upi?"

"Huo huo wa maua. Anaugeuza nyuma."

Muhsina aliingia chumba cha kazi, akautwaa ubao wa picha ya asumini aliokatiwa na seremala wa Hamriya, akaugeuza. Ndoo ilikuwa pale, na waridi zimeinama. Alipitisha kidole ndani ya mifereji. Kila mstari ulikatwa mara moja tu, bila kusita, bila kurudia, na kwa namna ukingo ulivyokaa haukukatwa kwa patasi zake za Kijapani. Ulikatwa kwa kisu cha kumenyea vitunguu. Alikaa kitako sakafuni na ubao mapajani.

Cissy aliingia na nguo zilizokunjwa. Cissy Namutebi ni mtu wa Masaka, Uganda, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, na mwaka huu ni wa tatu katika nyumba ile. Aliona ubao umelalia uso, akaziweka nguo chini polepole, akapiga magoti kama wanawake wa kwao walivyolelewa.

"Sori, madam. Ile karatasi ilikuwa kwa zibala, kwa taka. Nilifikiria hutaki tena. Na ubao nimetumia nyuma tu, mbele sijagusa."

"Nani amekufundisha?"

"Ni wewe, madam. Unafanyaga kazi na mlango wazi."

"Na kwa nini ukaiweka pamoja na picha zangu?"

"Ilikuwa inajikunja. Nikasema acha inyooke chini ya vitabu, Ijumaa nitatoa. Brother Hatem akabeba zote."

Muhsina alizigusa zile waridi. "Kwa nini maua yaliyokufa, Cissy?"

Cissy alifikiri. "Hayo ndiyo yangu. Yakiwa mazima unayachora wewe. Yakishakufa unaniambia nitupe. Nikiyaweka kwa ndoo yanalala hivi, na rangi yake inaingia kwa maji. Siku zingine nakosa moyo wa kumwaga."

Mtu mwingine angecheka, au angemkumbatia. Muhsina mwenyewe hakutegemea kilichomtoka kinywani.

"Sikiliza. Picha ile iko ukumbini, na watu wanajua ni yangu. Wewe hujui kuchora. Hujapata kushika brashi maisha yako. Akija mtu akakuuliza, ukatoa neno moja tu, siku hiyo hiyo nakukatia tiketi ya Entebbe. Umenifahamu?"

Hakupaza sauti. Miaka mitatu hakuwahi kumtisha mtu huyu, na aliyasikia maneno yale kama yanasemwa na bibi mwengine, wa nyumba nyingine, wa aina ile ambayo yeye na mama yake hukaa wakawasengenya. Cissy ana watoto wawili Masaka, na skuli yao inasimama juu ya kazi hii. Muhsina alijua. Alijua na akasema.

"Nimefahamu, madam," Cissy alisema. Kisha, taratibu, kama mtoto anayekaririshwa somo: "Mimi sijui kuchora."

*

Jumanne na Jumatano, akitoka skuli tu, Muhsina alijifungia chumbani na ubao ule na mwenye ubao. Alikuwa anasomeshwa picha yake mwenyewe na mtumishi wake, na hapo ndipo lilipomfika lile la mtaka cha mvunguni. Aliinama.

"Usianze na ua, madam. Anza na maji ya ndoo."

"Maji hayaanzwi. Yako nyuma."

"Hapana. Maua yanakunywa rangi ya maji. Ukianza na ua linakaa peke yake, kama liko kwa duka."

Cissy alipaka kidogo, akapangusa kwa pembe ya kitambaa, akapaka tena, akafunika, akasugua. Alipofunua, waridi lilikuwa limechoka kweli kweli, na ukilitazama sana unataka kuliombea dua. Muhsina alifanya hivyo hivyo kwa brashi hiyo hiyo, na lake likatoka kama waridi la plastiki. Yeye alijua jina la kila ufundi, alijua nani alianza na mwaka gani. Mkono haukuwa na habari ya hayo yote.

Alimwonea wivu mfanyakazi wake. Hilo lazima lisemwe wazi, maana lilimuuma kuliko aibu. Alimtazama amepinda juu ya ubao, kanga kiunoni, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa midomo, na akatamani ubao ule ungepasuka.

Jumatano Cissy aliitazama karatasi ya mwisho ya bibi yake kwa muda mrefu. "Hii imekuwa nzuri, madam," alisema, na macho yake hayakuwa yanaiangalia karatasi.

Bi Thuwaiba alikuwa amesimama mlangoni. Yeye hana mazoea ya kuingilia mambo ya kazi. "Siri ya maiti aijuaye ni muosha, mwanangu," alisema. "Na nnavyomuona, muosha wako umemtia khofu. Mtu mwenye khofu hujui atafanya nini." Akaenda zake kusali.

*

Alhamisi ukumbi ulijaa. Meza iliwekwa katikati, na juu yake taa kubwa. Muhsina alikuja na ubao, na Cissy nyuma yake amebeba maji, vitambaa na brashi, kwa sababu bila Cissy hata rangi za kuanzia asingezipata sawasawa. Hatem alikaa safu ya mbele, kanzu imenyooka, anampa kila mtu habari kwamba yule ni dada yake.

Muhsina alibana karatasi kwa pini nne, akaifunua. Alianza na maji ya ndoo. Yalitoka vizuri, na watu wakasema mashaallah. Alipaka kitambaa cha deki, nacho kikapita. Kisha akafika kwenye waridi la kwanza. Alipaka, akapangusa, akapaka, akafunika, akasugua, akafunua.

Lilikuwa waridi la plastiki.

Bi Harriet aliinama juu ya meza, akalitazama, akatazama picha iliyo ukutani, akavua miwani yake.

Muhsina aliinua macho. Cissy alikuwa amesimama upande wa pili, macho yake juu ya ubao, amejisahau. Mkono wake wa kulia ulikuwa unasogea taratibu ubavuni, unapangusa hewa. Alikuwa analiponya lile waridi kutoka pale aliposimama, kwa mkono mtupu, na hakujua kwamba anaonekana.

Basi Muhsina akaweka brashi chini.

"Picha ile si yangu," alisema kwa Kiingereza. Akarudia kwa Kiarabu, asije mtu akasema hakufahamu. "Karatasi yangu, saini yangu. Maua ni ya huyu. Anaitwa Cissy Namutebi, anafanya kazi nyumbani kwetu. Alichonga kwa kisu cha jikoni nyuma ya ubao wangu, na mimi nikaiba nilipokaa kimya. Barua ni yake."

Hatem alifungua mdomo akausahau wazi. Muhsina, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akavuta pumzi iliyofika chini. Alijua maneno kama hayo hayarudi nyuma, na alifurahi kwamba hayarudi.

Bi Harriet alimgeukia Cissy. "Ni kweli?"

Cissy alimtazama Muhsina. Muhsina alimwashiria kwa kichwa, sema. Alimwashiria tena. Lakini Cissy alikuwa anamtazama usoni kama mtu anayesoma tangazo mlangoni mwa ofisi, akitafuta mtego uko mstari gani.

"Hapana," alisema kwa Kiingereza, kwa heshima. "Madam wangu ana roho nzuri sana, anataka kunisaidia. Mimi ni mtu wa kufua na kupika. Sijui kuchora."

Minong'ono ilipita ukumbini, na ilikuwa minong'ono ya kupendezwa. Mama mmoja alifuta machozi. "Unyenyekevu gani huu," mtu alisema kwa Kiarabu. "Wenzake wanaiba kazi za watu, yeye anaigawa yake."

"Anaogopa," Muhsina alisema. "Mimi ndiye niliyemtisha. Mpeni brashi mtaona."

Bi Harriet alivuta kiti, akamkaribisha Cissy kwa mikono miwili. Cissy alikaa. Aliishika brashi kwa ngumi, kama ufagio, na Muhsina akaufahamu mshiko ule, wa mtu anayejifanya hajui.

Cissy alichovya wekundu mbichi bila maji. Alipaka waridi la kwanza, akavuka mfereji kama hakuuona, akaingia la pili. Alipaka asumini njano. Kisha alirudi kwenye mifereji na kuijaza rangi mmoja mmoja, akianza na ule unaozunguka kichwa cha waridi kubwa, mfereji ambao ukiuziba picha nzima inaanguka. Hakukosea hata mmoja. Ilihitaji mtu anayeujua ubao ule kuliko mtu yeyote duniani ili kuuharibu vile, na aliyelijua hilo mle ukumbini, mbali na yeye, alikuwa Muhsina peke yake. Wekundu ulizama ndani ya mti. Hautatoka tena.

"Cissy, basi," alisema. "Cissy, acha."

Cissy alifunika karatasi, akasugua kwa nguvu, akafunua. Lilikuwa doa moja jekundu, kubwa kama kitambaa cha meza ya watoto. Watu walicheka, si kwa ubaya, kicheko cha kumpoza mtu aliyejaribu. Cissy naye alicheka akaficha mdomo kwa mkono.

Mabega ya Bi Harriet yalishuka. Alimgeukia Muhsina, akamshika bega kwa upole. "Mkono ukikataa siku moja si kitu," alisema. "Hii ya ukutani inanitosha. Na moyo wako nimeuona." Alitoa bahasha ndefu nyeupe, na Muhsina aliiona iko mkononi mwake mwenyewe kabla hajaamua kunyoosha mkono. Watu walisimama wakapiga makofi. Hatem alipiga kuliko wote.

Muhsina alijaribu kusema tena, lakini sauti haikupita makofi yale, na ilipopita hapakuwa na aliyetaka kuisikia. Ubao ulikuwa mbele yake, mwekundu, mifereji yake imeziba.

Cissy alikwisha kuinuka. Alichomoa pini moja moja, akakusanya brashi na vitambaa ndani ya ndoo ya maji machafu, akapita karibu na bibi yake. Alisimama kidogo na kushusha sauti ili wasisikie wengine.

"Nimefanya vizuri, madam?"